Tangazo Lililogeuka Kisanduku Cheupe

Kila tangazo ni ahadi ya mwenye habari kwa mwenye haja: nimekujulisha, sasa nawe unaweza kutenda. Ahadi hiyo hutimia siku tangazo linaposomeka mikononi mwa yule aliyekusudiwa. Zamani tulipima jambo hili kwa ubao: je, karatasi imebandikwa mahali watu wanapopita? Siku hizi ubao umehamia ndani ya simu, na kipimo chake kimekuwa kigumu zaidi, kwa sababu aliyebandika huliona tangazo lake vizuri ilhali aliyelengwa anatazama kisanduku cheupe.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro, yamepokea wageni tangu mwisho wa miaka ya 1950. Humo utasikia Kiswahili cha Kongo, Kinyarwanda, Kirundi na Kisomali katika foleni moja ya maji. Jiji la Mbarara liko umbali wa kilomita zipatazo 60, na huko ndiko vijana wengi wanaotengeneza tovuti za vikundi vya makazini wanakofanyia kazi, kwenye kompyuta nzuri na mtandao wa kasi.

Kikundi kimoja cha kijamii kiliweka katika tovuti yake ratiba ya siku za uhakiki wa familia. Mama mmoja wa upande wa Rubondo aliufungua ukurasa huo kwa simu ya mwanawe. Akaona kichwa, "Tangazo Muhimu", na chini yake kisanduku kitupu. Akadhani maneno yangekuja kifurushi cha data kikiongezwa, akanunua kingine. Maneno hayakuja, na siku yake ikapita. Msomaji asiyeishi ukimbizini aelewe uzito wake: anayekosa uhakiki huweza kusimamishwa katika orodha, na mgao wa kaya nzima ukasubiri. Tangu Julai 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza kugawa msaada nchini Uganda kwa makundi kulingana na uhitaji, kujua jina lako liko wapi kumekuwa jambo la chungu jikoni.

Niliombwa nisaidie kwa kuwa baadhi ya watu waliamini kosa lilikuwa la lugha. Nilipoketi na kijana aliyeitengeneza tovuti, yeye naye alishangaa, kwani kwenye kompyuta yake Mbarara kila kitu kilionekana. Tukaanza uchunguzi ambao mtu yeyote anaweza kuufanya bila kuwa fundi.

Kwanza, tuliufungua ukurasa uleule kwa simu tatu tofauti na kwa mitandao miwili. Picha ikionekana kwa simu moja na kukosekana kwa nyingine kwenye mtandao uleule, chunguza simu na kivinjari chake. Ikikosekana kwa zote, chunguza tovuti au njia ya mtandao. Simu moja ilikuwa na Opera Mini iliyozimwa picha kwa makusudi. Mwenyewe alieleza kwamba hufanya hivyo ili data ifike mwisho wa juma. Hilo si kosa la kurekebishwa, ni uamuzi wa mtu mwenye akili katika nchi ambayo, tangu Julai 2021, data ya intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12. Kila picha isiyo na lazima ni kodi ndogo juu ya anayeisoma.

Pili, tulitazama anwani ya kila picha iliyokosekana. Ramani ya kituo iliitwa "Ramani.JPG" kwenye seva, lakini ukurasa uliitafuta kwa jina "ramani.jpg". Kompyuta nyingi za mezani hazitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, ila seva nyingi hutofautisha. Kwa hiyo picha ilifunguka kwa fundi wakati wa majaribio na kupotea kwa umma.

Tatu, na hapa ndipo penye kiini, tangazo lenyewe halikuwamo kabisa katika seva ya tovuti. Lilikuwa chapisho lililopachikwa kutoka ukurasa wa kikundi wa Facebook. Serikali ya Uganda iliufunga mtandao huo Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 14. Intaneti nzima ilipozimwa na kurudishwa baada ya siku kadhaa, Facebook haikurudi nayo. Watu wengi wa mijini waliendelea kuufikia kwa VPN, na kompyuta ya kijana wetu ilikuwa na VPN iliyowaka muda wote, hata akasahau kwamba ipo. Alikuwa akiitazama Nakivale kupitia dirisha ambalo Nakivale haina.

Tukaizima VPN. Kisanduku cheupe kikatokea mbele yake pia.

Suluhisho la haraka lilikuwa kupakia picha ya tangazo moja kwa moja kwenye tovuti. Lakini picha ile, iliyopigwa kwa simu, ilikuwa na MB 4. Maneno yake hayakuzidi 200, na maneno 200 yakiandikwa kama maandishi ya kawaida hayafiki hata KB 2. Yaani msomaji angelipia zaidi ya mara elfu mbili ya kile alichohitaji. Basi tuliyaandika maneno yenyewe katika ukurasa, kwa Kiswahili, tarehe zikiwa juu. Picha ya barua yenye mhuri tukaipunguza na kuiweka chini kwa anayetaka kuithibitisha.

Maandishi yana fadhila nyingine. Hutafutika, hunakilika kwenda kwenye ujumbe wa simu, na hata simu humsomea kwa sauti mtu asiyeona. Ndiyo maana kanuni za HTML 4.0 za mwaka 1997 zilitaka kila picha ibebe maelezo mbadala katika sifa iitwayo "alt", ili picha isipofunguka maneno yabaki. Maelezo hayo yaseme habari yenyewe: "Uhakiki wa Rubondo ni Jumanne" yana faida, "picha ya tangazo" hayana.

Kuna jambo la uraia ambalo wanafunzi wangu huniuliza: je, mtu anaweza kudai habari kisheria? Ibara ya 41 ya Katiba ya Uganda, pamoja na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005, humpa haki hiyo kila raia juu ya habari zilizo mikononi mwa dola. Tazama neno hilo: raia. Mkazi wa Mbarara anaweza kulitumia. Mama wa Rubondo, aliyevuka mpaka, analindwa na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, lakini mlango ule wa Ibara ya 41 haukutajwa kwa jina lake. Kwa hiyo, kwa kiasi kikubwa, habari humfikia kwa uangalifu wa wanaotangaza. Pale ambapo sheria haimpi mtu fimbo ya kudai, uzembe wetu humuumiza maradufu.

Wewe unayeandika matangazo ya kanisa, msikiti, shule au kikundi, kabla hujasema "tumewajulisha", zima VPN, zima picha, chukua simu duni kuliko zote zilizopo chumbani, kisha usome tangazo lako mwenyewe. Ukiijua tarehe, mahali na saa, umetangaza. Usipozijua, hata wao hawazijui, na bado una kazi ya kufanya kabla siku haijafika.