Usiku wa porini Tabora: nani amebeba godoro?

Wapenzi wengi wa mjini wakisikia habari ya kupiga kambi huwaza mambo mawili tu: simba na mbu. Tabora kuna kitu kingine kitakachokunyima usingizi kabla ya hao, nacho ni baridi. Mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai, ambayo ndiyo mizuri kwa kulala nje maana mvua hakuna, usiku joto hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Ukitoka Dar na shuka moja, saa tisa za usiku utamkumbuka mama yako.

Hapa watu wamelala nje kwa wingi sana. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora, na katika karne ya 19 maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliipita kwa miguu. Kufika Tabora tu kulichukua kama miezi mitatu. Burton na Speke walifika Novemba 1857, Stanley akaja 1871. Tukisoma safari zao tunaona mahema na vitanda, lakini kitanda cha mzungu kilikuja begani kwa mtu, kwenye mzigo wa kilo 30 hivi. Mbebaji mwenyewe akifika kambini alikata matawi na nyasi, akajenga kibanda, akawasha moto, akalala.

Na hawakuwa wanaume peke yao. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walisafiri na wake zao, waliobeba vyungu na vyombo vya nyumbani, kisha jioni wakapika. Kwa hiyo mkienda wawili, wala msijione mmeanzisha fasheni.

Sasa tuje kwenu. Ugomvi mwingi wa kambini huanzia nyumbani, pale mmoja anapopanga kila kitu na mwenzake anaingia tu kwenye gari na miwani ya jua. Kaeni chini mgawane: nani anashika hema, nani matandiko, nani maji. Anayesikia baridi zaidi ndiye ashike matandiko, kwa sababu yule mwingine atasema blanketi moja linatosha. Halitoshi! Bebeni mawili, kila mtu na lake, mapenzi yabaki palepale.

Watu hujifunika gubigubi juu wakasahau kwamba ardhi ndiyo inayonyonya joto la mwili. Godoro la kujaza upepo peke yake halisaidii sana, hewa iliyo ndani nayo inapoa. Tandikeni mkeka, kisha godoro, na juu yake blanketi zito la kulalia. Kile kitanda cha kamba tunachokiita teremka tukaze ni raha tupu Bagamoyo, upepo unapita chini. Tabora mwezi Juni upepo huohuo ni adhabu. Vaeni soksi kavu, na nguo mlizoshindia zisiingie kitandani, zina jasho.

Kabla ya kusimamisha hema, angalieni juu. Huu ni mkoa wa asali, na kwenye miti ya miombo wafugaji wa nyuki hutundika mizinga. Kulala chini ya mzinga ni mzaha mbaya. Mabondeni msishuke, maana hewa ya baridi hukusanyika huko, na kwenye korongo kavu msilale hata mchanga wake ukiwa laini namna gani. Mchana, porini, kuna ndorobo, wale mbung'o wanaoweza kuleta malale. Wanapenda sana rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo ile jinzi kali iache hotelini. Usiku ni zamu ya mbu: zipu ya hema ifungwe kabla jua halijazama, sio baada ya chakula.

Msijichagulie msitu tu. Pitieni kwanza kwa mtendaji wa kijiji, mwamkie, mwambie mnalala wapi. Mto Ugalla, uliotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, una taratibu na ada zake, na una viboko na mamba, kwa hiyo hema na ukingo wa maji visijuane. Moto uzimwe kwa maji hadi jivu lipoe, maana nyasi za kiangazi hazina subira.

Asubuhi nendeni Kwihara, kama kilomita sita kutoka mjini, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Stanley alimwacha hapo Machi, naye akasubiri hadi Agosti wapagazi walipofika kutoka pwani. Miezi mitano, mtu hawezi kuondoka kwa sababu hana wa kumbebea!

Asali nunueni siku ya kuondoka, sio siku ya kufika. Ikilala hemani, sisimizi watalala nanyi.