Glovu ya Muuza Mishikaki



Tulitoka Dar alfajiri kwenda Morogoro, mji kasoro bahari, tukikwepa foleni ya Kimara, mimi na shangazi, katika gari la turbo nililoazima kwa binamu. Ni lile la Kijapani lenye tundu juu ya boneti na silinda zilizolala. Jina silitaji, likipita unalijua kwa mngurumo. Chalinze tukanywa supu ya mbuzi na chapati mbilimbili, shilingi 5,000 kila mmoja. Shangazi akaongeza mananasi matatu ya Kiwangwa kwa 4,000, baada ya kubishana na muuzaji mpaka wakaanza kuitana wakwe.

Kurudi garini, harufu ya oili inayoungua! Nikafungua boneti nikakuta kijiti cha kupimia oili kimechomoka chenyewe na oili imetapakaa. Kijana mmoja aliyekuwa jirani akachungulia, mikono mfukoni, akatoa hukumu: “Turbo imekufa hiyo. Ya mtumba nakupatia kwa milioni moja na nusu.” Nikamshukuru, nikaongeza oili, tukaenda mdogomdogo bila kukanyaga sana, shangazi akinikumbusha kila baada ya kijiji kwamba treni ya umeme ni 13,000 tu na haina boneti ya kufungua.

Karibu na Msamvu, mjini Morogoro, tukaelekezwa kwa fundi mmoja wa makamo, gereji yake iko chini ya mwembe. Huyu hakugusa turbo. Aliuliza kwanza oili ilimwagwa lini (binamu kwenye simu alianza kukohoa), kisha akamtuma spana boi wake akaombe glovu ya plastiki kwa muuza mishikaki wa ng'ambo ya barabara. Akafungua kifuniko cha kujazia oili, akaivisha glovu pale na kuifunga kwa mpira. “Washa!” Glovu ikanyanyuka, vidole vyote vitano vimesimama wima. Waliokuwa wakisubiri magari yao wakaipungia mkono.

“Ingekuwa nzima, ingenyonywa ndani kidogo,” akasema fundi. Ipo hewa chafu inayopenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye sampo, nayo lazima itoke. Gari likinguruma bila kukanyagwa, injini yenyewe huivuta hewa hiyo kupitia kivalvu kidogo, ikaichome. Turbo ikianza kusukuma, kivalvu hicho kinatakiwa kijifunge, na hewa chafu ipite mipira mingine mpaka kwenye bomba lililo kabla ya turbo. Kikiganda wazi, upepo wa turbo unashuka moja kwa moja kwenye sampo, na oili inatafuta pa kutokea: kwenye sili, kwenye gasketi, hata kwenye tundu la kijiti.

Akapima kompresheni kwanza, maana ringi zikichakaa glovu husimama vilevile. Silinda zote nne zilikuwa karibu sawa. Basi akashusha intakula, kile kipozea hewa ya turbo, tukamwaga oili ya kujaza kikombe cha kahawa, akakifikia kivalvu kule uvunguni. Akakitikisa sikioni kwangu: kimya. Kizima hulia chakachaka. Akapuliza upande uliotakiwa kuzuia, pumzi ikapita bila shida. Na mpira mmoja ulikuwa umelainika kwa oili hadi unajibana ukinyonywa, ndiyo maana glovu ilisimama; tena una ufa chini kabisa, mahali ambapo usingeuona bila kuukunja.

Kivalvu kipya kilipandishwa basi kutoka Kariakoo: 55,000, na mzigo 5,000. Mpira 15,000, kazi 40,000. Tulipokuwa tukisubiri nikala mishikaki ya yule mwenye glovu, 500 kwa kijiti, laini, yenye ndimu na pilipili ya kukutoa machozi. Shangazi alikula mingi kuliko mimi, na nanasi moja likaenda kwa spana boi.

Jioni glovu nyingine ikafungwa palepale. Safari hii ilijikunja taratibu ikaingia ndani, na fundi akaanza kunawa mikono bila kusubiri tumwulize. Turbo ni ileile ya zamani, inavuta vizuri, na kijiti kimetulia mahali pake. Kwa hiyo, msomaji wangu mpenzi, ukiambiwa turbo imekufa, kwanza omba glovu. Jumla nimelipa 115,000, nyama haimo.