Deni la Marehemu Nyuma ya Kioo Cheusi

Baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa mali kauli. Alichukua alizeti kwa wakulima wa vijiji vya jirani na Mandewa, ikakamuliwa, na mafuta yakishauzwa ndipo akawalipa. Miaka yake ya mwisho aliacha daftari akahamishia hesabu zote katika kompyuta ya mtumba. Alipofariki, baba yetu mdogo aliuliza kwanza orodha ya wadai, kwa kuwa mirathi haigawanywi kabla ya deni kulipwa. Tukaiwasha kompyuta. Monita ikaangaza kwa sekunde mbili hivi, kisha ikawa nyeusi.

Fundi wa kwanza aliitazama akiwa amesimama, akasema imekufa, tukanunue nyingine. Neno hilo likageuzwa nyumbani: hesabu nazo zimekufa. Baadhi yetu wakapendekeza tugawane kilichopo, na mwenye haki yake atakuja mwenyewe kuidai. Mama, akiwa ndani ya eda, alituuliza swali moja tu: na asiye na karatasi je?

Fundi wa pili ni kijana wa hapa hapa mtaani, hutengeneza redio. Alifunga madirisha, akawasha tochi, akaielekeza kwenye kioo kwa upande, karibu sana. Herufi zikajitokeza, hafifu kama maandishi ya penseli yaliyofutwa. Akatueleza kwamba kioo cha monita ya namna hii hakitoi mwanga wake chenyewe. Huruhusu tu mwanga upite au huuzuia, na mwanga wenyewe hutoka kwenye taa nyembamba zilizofichwa nyuma au pembeni mwake. Picha ilikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni taa.

Angeweza kutuazima monita nyingine kesho yake, na alisema hivyo. Lakini tulikwisha kuliona jina la kwanza, na hakuna aliyetaka kulala. Mmoja wetu alishika tochi, dada yetu mkubwa akaandika, baba mdogo akawa shahidi. Tulisoma mstari kwa mstari mpaka karibu na adhana ya Isha. Wadai walikuwa saba. Watatu hatukuwa tumewahi kuwasikia.

Matengenezo yenyewe yalifanyika siku ya pili. Kijana aliichomoa monita kwenye umeme na kuiacha kwanza, kwa kuwa kapasita kubwa iliyo upande wa umeme wa ukutani huweza kubaki na chaji ya zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa. Watoto walifukuzwa chumbani, tena kwa ukali, na tunaona ilistahili. Ndani, kapasita tatu ndogo zilikuwa zimevimba vichwa kama maandazi. Kazi yake kapasita hizo ni kuutuliza umeme unaokwenda kwenye inveta, kifaa kinachoupandisha hadi zaidi ya volti 1,000 ili taa ziwake. Zikichoka, umeme huyumba mara taa zinapoanza kuvuta, na ulinzi wa inveta huzima kila kitu. Ndiyo maana ya zile sekunde mbili.

Alizifungua kwa chuma cha kulehemu, akaweka mpya zenye ujazo ule ule na volti zisizopungua za zamani, akiangalia upande wa hasi usigeuzwe. Taa zenyewe hakuzigusa: ni mirija ya kioo chembamba yenye zebaki kidogo ndani, na ikivunjika si kitu cha kufagia kwa mkono mtupu. Malipo yake yalikuwa chini sana ya bei ya monita nyingine, hata ya mtumba.

Miongoni mwa wale watatu alikuwemo bibi mmoja mjane, magunia sita. Baba mdogo alipomfikishia fedha alidhani ni sadaka ya msiba, akakataa kwa adabu, akisema wapo wahitaji kuliko yeye. Ilibidi asomewe tarehe na idadi ya magunia ndipo akakumbuka, akakaa chini, akamwombea baba.

Monita ingali mezani. Asubuhi za baridi na upepo wa Singida huanza na wekundu kidogo, kwani taa zimezeeka, na Mama humaliza kikombe cha chai ndipo ing'ae sawasawa.