Karatasi ya Kalenda

Mwaka 1931, katika milima ya Harlan, Kentucky, Marekani, wachimba makaa waligoma. Wenye bunduki wakaivamia nyumba ya Florence Reece wakimsaka mumewe, Sam, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa wagomaji. Hawakumkuta. Walipoondoka, Florence alichana karatasi ya kalenda ya ukutani, akatunga beti, akazivika mahadhi ya zamani. Jina la wimbo ni swali: uko upande gani?

Tungo za ugomvi kwa kawaida huzikwa na ugomvi wake. Huu ulingoja. Wachimbaji wa Brookside, Harlan hiyo hiyo, walipogoma 1973, Florence aliwaimbia. Filamu ya Barbara Kopple ya 1976 imemhifadhi. Ni bibi wa miaka sabini na kitu, sauti imekwaruza, hana gitaa wala banjo (chombo hicho chenye asili ya Afrika Magharibi), na kila kiitikio kinawarushia waliokaa swali lile lile.