Kiatu Hutazamwa Chini

Kutoka Lushoto mjini hadi Irente ni kilomita tano, sita hivi, na ardhi haitulii. Unaanza na lami, unaingia barabara ya changarawe, kisha vijia vya udongo mwekundu katikati ya mashamba, na mwisho unatokea kwenye jiwe tupu, Mazinde iko chini kabisa na nyika imetandaa mpaka macho yanachoka. Ukielekea Magamba ni habari nyingine: msitu, mizizi iliyotambaa njiani, majani yaliyooza juu ya tope. Nimekimbia huko tangu nikiwa mwanafunzi, na viatu nilivyoviamini vimebadilika kuliko nilivyobadilika mimi.

Miaka ya themanini, shuleni, mbio za nyika zilikuwa za pekupeku. Wachache walikuwa na raba za turubai zenye soli bapa, na mvua ikinyesha hao ndio walioanguka wa kwanza, kwa sababu vidole vya mguu hushika udongo na soli bapa haishiki kitu. Kwa hiyo mwaka 2009 Christopher McDougall alipotoa kitabu chake *Born to Run*, na Wamarekani wakaanza kuvua viatu, nilicheka kidogo. Mwaka uliofuata Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti wao, uliowahusisha pia wakimbiaji wa Kenya, wakaonyesha kwamba waliozoea kukimbia pekupeku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu na kupunguza kishindo. Vipimo vyao sina ugomvi navyo. Ila mtu aliyekimbia pekupeku kwenye changarawe ya Lushoto hahitaji kuulizwa mara mbili kama anataka kiatu.

Viatu vyenyewe vilikuja na mitumba. Siku ya gulio vilimwagwa juu ya turubai, tukavikimbilia kwa rangi na nembo. Karibu vyote vilikuwa vya lami. Nilipeleka jozi yangu kwa fundi viatu aliyekuwa akikaa karibu na stendi, mzee wa maneno machache, ili anishonee pembeni. Hakutazama nilipomwonyesha. Alikipindua kiatu, akapitisha kidole gumba kwenye soli, akaminya kisigino, akashika ncha kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine, akakinyonga kama mama anavyokamua nguo. Kikajiviringisha chote.

"Mwalimu," akasema, "hapa umenunua sura."

Akanionyesha pia jinsi upande wa nje wa kisigino ulivyolika zaidi ya ule wa ndani. Aliyekivaa kwanza alikuwa na mwendo wake, na mimi nilikuwa nalipia kuurithi.

Kwa huyo mzee ndiko nilikoanza kuitambua ile alama ya njano yenye pembe nane iliyobandikwa chini ya viatu vya mlimani. Aliipenda kwa sababu mpira wake ulichelewa kuisha. Baadaye nilisoma asili yake: mwaka 1935 Vitale Bramani, mpanda milima wa Italia, alipoteza wenzake sita katika milima ya Alpi, na viatu walivyovaa havikuifaa baridi ile. Kwa msaada wa Pirelli, watu wa matairi, mwaka 1937 akatoa soli ya mpira yenye meno, nayo ndiyo Vibram. Fundi hakuijua hadithi hiyo wala hakuihitaji. Alikuwa amekata katambuga za tairi nyingi kiasi cha kuujua mpira mzuri kwa kuukwaruza ukucha.

Kisha nikapata kiatu cha meno marefu, milimita sita, kutoka kwa mwongoza watalii aliyekuwa akiuza vitu vyake. Meno ya mbele yalielekea mbele kwa ajili ya kupandia, ya kisigino yaligeuzwa ili yafunge breki mteremkoni. Masika yale nilishuka kutoka Magamba bila kushika mti. Lakini kwenye lami meno yale yalisagika haraka, na juu ya jiwe lililolowa yalikuwa hatari. Jiwe halichimbiki. Linachotaka ni mpira mwingi na laini kuligusa, na meno marefu yaliyoachana hugusa kwa vijipande tu.

Zama za sponji nene zilipofika, nilizipokea kwa magoti. Wafaransa wawili, Nicolas Mermoud na Jean-Luc Diard, walianzisha Hoka mwaka 2009 wakitaka kiatu cha kushuka milima kwa kasi, na kweli mteremko wa changarawe unasahaulika. Kwenye mizizi lakini, ukiwa juu kiasi hicho, kifundo cha mguu kina mbali pa kupindukia. Na fundi wangu, aliyekuwa tayari amemwachia mwanawe sehemu kubwa ya kazi, aliichoma sponji kwa sindano, akavuta uzi, sponji ikakatika. Alinirudishia kiatu bila kudai hela.

Siku hizi natafuta meno ya milimita nne hivi, yaliyoachana kiasi cha tope kudondoka lenyewe, na mpira unaobonyea kidogo ukucha ukiuminya. Sponji iwepo, isizidi. Viatu navijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba, na nikipiga ncha chini vidole visifike mwisho. Asiyefanya hivyo atajua kwa kucha nyeusi baada ya mteremko wa kwanza. Kamba lazima ishike kisigino mpaka tundu la mwisho. Vile vinavyosifiwa kwamba havipitishi maji sivitaki. Ukikanyaga kijito maji huingia kwa juu, na kile kinachoyazuia yasiingie ndicho kinachoyazuia yasitoke.

Hata haja ya hizo milimita nne naiona inapungua. Bodaboda zimepanua vijia vilivyokuwa vya mtu mmoja, udongo umeshindiliwa, na lami inasogea. Vya meno marefu naviacha mpaka masika.

Juzi kijana wa jirani alinijia na simu, jozi mbili za mtandaoni kutoka Dar, moja ya kijani, nyingine ya chungwa.

"Mwalimu, shikamoo. Nichukue ipi?"

"Marahaba. Mwambie muuzaji akupigie picha ya chini."

Akaandika. Jibu likaja upesi: chini zote zinafanana, bosi, chagua rangi.

Tukatafuta muuzaji mwingine.