Tenisi Ilivyotufikia Gatina

Kwetu Gatina, upande wa Kawangware jijini Nairobi, mpira wa tenisi ulifika kabla ya tenisi yenyewe. Mjomba wangu alikuwa mwokota mipira katika kilabu kimoja upande wa mjini, na ile iliyochakaa, ambayo wanachama hawakuitaka tena, ilikuja nyumbani mfukoni mwake. Tuliipokea kwa shangwe. Ilishinda mbali ile tuliyoisokota wenyewe kwa karatasi za nailoni, na katika mchezo wa kati, ukishindwa kuukwepa mpira uliorushiwa, mgongo ulikujulisha. Lakini mchezo wenyewe uliotuletea mipira hiyo hakuna mtoto wa ploti yetu aliyewahi kuuona.

Mjomba aliuona kila siku. Alianza kazi mipira ingali myeupe. Shirikisho la kimataifa liliruhusu ya njano mwaka wa 1972 ili watazamaji wa runinga waione vyema. Wimbledon walishikilia myeupe mpaka 1986. Aliziona raketi za mbao zikiondoka, za chuma zikaja, kisha zile nyepesi za grafiti zilizoongeza kasi ya mpira. Siku ambazo wanachama walikuwa kazini, yeye na wenzake waliruhusiwa kucheza kwa raketi kuukuu walizozifunga nyuzi upya. Jioni alitusimamisha mbele ya ukuta wa ploti, kila mmoja na kipande cha ubao. "Tazama miguu, mwanangu," aliniambia. "Mkono utafuata."

Baadaye nilielewa kwa nini fundi kama yeye alibaki kuokota. Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama kambi ya reli. Kufikia 1901 Nairobi Club ilikuwa imeanzishwa, na Parklands Sports Club ikafuata mwaka wa 1906. Mji haukuwa umetimiza miaka kumi, na tayari tenisi ilikuwa na ua na lango. Enzi za ukoloni Mwafrika aliingia humo akibeba trei au ufagio. Uhuru uliondoa ubaguzi wa rangi langoni, lakini ada ya uanachama ilibaki, na kwa mpangaji wa chumba kimoja Kawangware ada hiyo ilifunga lango vilevile.

Shujaa wa mjomba alikuwa Arthur Ashe, Mmarekani mweusi aliyetwaa ubingwa wa Marekani mwaka wa 1968 na Wimbledon mwaka wa 1975. Mjomba alitusimulia kwamba babake Ashe alikuwa mlinzi wa bustani ya umma mjini Richmond, na familia iliishi humo humo, viwanja vya tenisi vikiwa hatua chache kutoka mlangoni. Mwaka wa 1971 Ashe alipozuru Cameroon alimwona kijana Yannick Noah akicheza, akasaidia apelekwe Ufaransa. Mwaka wa 1983 Noah alishinda Roland Garros. Mjomba aliyasimulia haya kama habari za jamaa zake.

Kisha tukapata wetu. Paul Wekesa aliingia tenisi ya kulipwa mwaka wa 1987, akashinda mataji matatu ya wachezaji wawili wawili, na mwaka wa 1995 akafika nafasi ya 100 duniani katika mchezo wa mmoja mmoja. Tulimfuata kwenye kurasa za michezo, gazeti moja likipita mikono ya ploti nzima. Kwa mara ya kwanza Gatina ilibishana kuhusu seti na pointi kama ilivyobishana kuhusu Gor Mahia na AFC Leopards.

Wasichana wa mtaa walivutwa na Venus na Serena Williams, waliojifunzia kwenye viwanja vya umma vya Compton, California. Serena alipokuja Kenya mwaka wa 2008 kufungua shule ya sekondari Matooni, Makueni, jina lake lilikuwa tayari linatajwa vibandani kwetu.

Ila hakuna siku iliyofanana na ile ya Julai 2022. Angella Okutoyi, mwenye umri wa miaka 18, akishirikiana na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, alishinda taji la wasichana wawili wawili pale Wimbledon kwa 3-6, 6-4, 11-9. Hakuna Mkenya aliyekuwa ametwaa taji la Grand Slam kabla yake. Angella na pacha wake, Roselida Asumwa, walilelewa na nyanya yao, mama yao alipofariki muda mfupi baada ya kuwazaa. Nyanya alifanya kazi ya usafi katika shule ya Loreto Convent Valley Road, na waliishi kwenye nyumba za wafanyakazi. Mjomba wao, kocha Allan Atavachi, ndiye aliyewashikisha raketi. Valley Road ni barabara ambayo matatu zetu za njia nambari 46 huipita kila siku. Machi 2024 Angella aliongeza dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra.

Nikiwatazama Ashe, dada wa Williams na Okutoyi, naona jambo moja: kila mmoja alikuwa na uwanja aliouingia bila kulipia langoni. Vipaji Gatina havikukosekana, uwanja ndio uliokosekana. Na si kwamba viwanja viko mbali. Wadi za Gatina, Kawangware na Kabiro ziko eneo bunge moja na Kilimani na Kileleshwa, Dagoretti Kaskazini. Mtoto wa huku na wa kule wana mbunge mmoja, ila ni mmoja tu anayeota tenisi akiwa na raketi mkononi.

Kuanza hakuhitaji mamilioni. Tangu 2012 sheria za kimataifa zinataka mashindano ya watoto wasiozidi miaka kumi yachezwe kwa mipira ya polepole, na wadogo kabisa hutumia viwanja vidogo. Kiwanja cha namna hiyo kinaenea kwenye ua wa shule ya msingi, kamba ikawa wavu. Wawakilishi wetu wa wadi, walimu wakuu na vilabu vyenye raketi zilizolala kabatini: tulindieni viwanja vya shule visinyakuliwe, chorani mistari, na mtuletee makocha. Watoto wa Gatina wameiokota mipira ya wengine vya kutosha. Sasa wapewe nafasi ya kuipiga.