Mbao za Jahazi Dogo

Jumamosi, 6 Januari 2024, Lamu

Jahazi lenyewe lina mita 16. Kwa kipimo cha moja kwa arubaini linabaki sentimita 40, na ubao wa ubavuni wenye unene wa milimita 40 unakuwa milimita moja. Randa inafika huko bila shida. Shida ni kwamba mti haupunguzwi. Nimetazama kipande cha mvule kwa kioo cha kukuzia: vitundu vyake ni kama robo ya milimita. Zidisha kwa arubaini, ubavu mzima una mashimo ya sentimita moja moja. Chombo gani hicho kitakachoelea?

Mlimau hauna aibu hiyo. Nyuzi zake zimebanana hata kioo hakioni kitu.

Alhamisi, 11 Januari

Fundi wa Matondoni alipita baada ya alasiri.

“Jahazi ni mvule, mbambakofi, msaji. Mlimau ni wa achari, mwanangu.”

“Kweli, mzee wangu. Lakini hebu tazama.”

Nikampa kioo. Akatazama mvule, akatazama mlimau, akanirudishia, akauliza kama kahawa ipo.

Msaji nao nimeuondoa. Sifa yake baharini ni mafuta yaliyo ndani ya mti, yanayozuia kuoza na kufukuza wadudu. Juu ya rafu ya vitabu hakuna mdudu wa baharini, na mafuta yale yale yanaikataa gundi.

Jumapili, 14 Januari

Rangi sipaki. Jahazi lililopakwa rangi lingeweza kuwa la plastiki, nani angejua?

Chombo chenyewe kimeshanichagulia miti. Chini ya usawa wa maji hupakwa deheni, chokaa na mafuta ya mnyama, ndipo kinapokuwa cheupe. Juu hupakwa sifa, ile ya ini la papa, na mbao zikaiva hudhurungi. Basi chini mlimau, juu mpera: una wekundu wa mbali na nyuzi zake nazo ni laini. Miti hiyo miwili ikikutana, usawa wa maji umejichora wenyewe.

Mpingo ni kwa kapi tu. Unatobolewa tundu jembamba bila kupasuka, na mti mwingine sijui ungestahimili kapi ya milimita nne. Ila ukizidi kidogo, jahazi linageuka sanduku la vito. Nimeona kazi za namna hiyo madukani, na watalii wanazinunua, sawa, wao na pesa zao.

Ijumaa, 2 Februari

Mataruma, miti iliyopinda ya kukazia ubavu kwa ndani. Mikoko huuzwa kwa korija, nguzo ishirini ishirini. Mimi nilitaka ufito mmoja wa mkandaa. Muuzaji aliniuliza kama najenga nyumba ya kuku.

Mafundi wa vyombo vikubwa hutafuta tawi lililopinda lenyewe ili nyuzi zifuate mpindo. Taruma la milimita tatu halipatikani tawini, na nikilichonga kwenye ubao ulionyooka nyuzi zinakatwa njiani, linavunjika likiguswa. Kwa hiyo napasua ufito kwa kisu, si kwa msumeno, nachemsha, kisha napindia kwenye bomba la moto. Nyuzi zinabaki nzima toka ncha hadi ncha.

Jumapili, 3 Machi

Mwenye kuliagiza anakaa Nairobi, kukavu kuliko huku. Mbao zitasinyaa tu. Mlimau na mpera niliikata tangu kusi iliyopita, nikaziba ncha kwa nta, ikakauka kivulini. Hata hivyo kila ubao naugandisha kwenye mataruma peke yake, ubao kwa ubao sitii gundi. Ukisinyaa, utaacha ufa wa unywele, na ufa huo utaonekana kama mstari wa kalafati.

Fundi amekuja na kipande cha mvule kilichobaki kwenye jahazi linalotengenezwa kwao. Anataka kiwe kitako. Nimekubali mara moja. Kitako ni kitako, hakifuati kipimo. Sasa ubishi umehamia foromali, mti unaobeba tanga: anataka iwe miti miwili iliyofungwa pamoja kwa kamba kama kawaida, nami kamba nyembamba ya kutosha bado sijaipata.